Sikio la Mzee wa Taar

Wanaomkumbuka Mzee wa Taar siku hizi humkumbuka kwa upole, kama ilivyo kawaida ya watu wakishamzika mtu. Watakwambia alikuwa mkweli, mcha Mungu, mtu asiyependelea. Ukweli alikuwa nao, tena mwingi kupita kiasi, na aliutumia kuwachapa wenzake. Nilimjua miaka yote ya tisini, tulikaa mtaa mmoja hapo Garissa, na sikumpenda. Nitaeleza alivyokuwa. Pale alipotenda jema nitalisema, ingawa kwa shingo upande.

Kazi yake ilikuwa redio, ile kubwa ya kuitana na watu wa mbali ambayo Wasomali huiita taar. Aliiweka nyuma ya duka la vitambaa sokoni, juu ya meza ya mbao iliyounguaungua, chini yake betri mbili za lori, na waya wa antena umevutwa juu ya paa kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine. Simu za mezani zilikuwa chache mjini na nyingi zilikuwa bubu. Aliyekuwa na ndugu Elwak, Banissa au ng'ambo ya mpaka alikwenda kwake, akaketi kwenye benchi, akangoja zamu. Mazungumzo yenyewe ni ya kupokezana: unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, unasikiliza. Na husemi na ndugu yako peke yake. Kila mwenye taar kwenye masafa yale anakusikia, pamoja na wote walioketi benchini nyuma yako wakinywa chai na kutikisa vichwa.

Alikuwa mrefu, mkavu, ndevu amezipaka hina, na sikio lake la kulia lilikuwa limelala kwa kubanwa na hedifoni miaka mingi. Kiswahili chake alikisema kwa haraka na kwa amri. Kila penye "p" aliweka "b", kila penye "v" aliweka "f", na mtu aliyethubutu kutabasamu alirudishwa mwisho wa benchi.

Kitu cha kwanza alichokufanyia ni kukuvua jina.

"Wewe nani?"

"Mohamed."

"Mohamed! Garissa yote ni Mohamed. Toa jina ya baba, toa ya babu, halafu toa ile watu wanakucheka nayo."

Hapo ndipo watu wazima walipotoka jasho. Huko vijijini kwa Wasomali kila mtu ana jina la utani, na kwenye taar jina hilo ndilo linalomtafuta mtu haraka, maana Mohamed ni wengi lakini Dheere, yaani mrefu, huenda akawa mmoja tu katika kijiji. Mfanyabiashara mmoja mzito, hajji, alikuja pamoja na wakwe zake, akalazimika kutamka mbele ya benchi zima kwamba Banissa alijulikana kwa jina la Bisad, yaani paka, kwa sababu utotoni alikuwa mwizi wa maziwa. Angeweza kumnong'oneza Mzee sikioni. Mzee alikataa. "Sema kwa sauti. Hewa haina sikio ndogo." Kuanzia siku hiyo soko lote lilimwita hajji Bisad, mpaka akahamishia duka lake upande mwingine wa mji.

Kulia pia hakukuruhusu. Nilikuwapo siku mwanamke mmoja kutoka kambi ya wakimbizi aliposikia sauti ya dada yake kwa mara ya kwanza tangu vita viwatenganishe. Alibonyeza kitufe na kilichotoka ni kilio tu. Benchi zima lilikuwa linafuta macho. Mzee wa Taar akamnyang'anya kipaza sauti, akamwambia dada wa upande wa pili angoje, kisha akamgeukia yule mama: "Naa, mama, kulia ni nje. Haba ni kusema. Ukimaliza kulia, rudi." Yule mama akatoka, akalia, akarudi, akasema. Watu walimsifu Mzee kwa hilo, eti amemsaidia asipoteze nafasi. Mimi niliona mtu aliyejali betri kuliko binadamu.

Lakini mtu huyohuyo hakuwahi kutangaza kifo redioni. Hapa lazima niseme ukweli. Habari ya msiba ikimfikia, alizima mtambo, akafunga chumba, akaoga, akavaa kikoi safi, akaenda kwa miguu mpaka mlangoni kwa wahusika, hata kama ni ng'ambo ya daraja. Watu walimwogopa barabarani akiwa na kikoi safi. Baba yangu alipofariki, Mzee huyo aliacha wateja siku nzima akawa anaita stesheni moja baada ya nyingine, mpaka akampata mtu wa kumfikishia habari kaka yangu Twalib, ambaye wakati huo alikuwa bado njiani, hajafika Kanada. Mama alimwombea dua mpaka mwisho. Mimi sina dua hizo.

Simu aliichukia. "Simu ni ya mtu anaficha kitu," alikuwa akisema. Kwake, neno lililosikiwa na watu wawili tu lilikuwa halijasemwa bado. Na kwa kweli taar ilikuwa mahakama kuliko ilivyokuwa redio. Watu waliuziana ngamia humo, wakaposana, wakapatana baada ya magomvi. Kuna mwanamume wa Elwak aliyemwacha mkewe kwenye taar kwa hasira, na alipopoa akaapa kwamba hakutamka neno la talaka. Mzee wa Taar aliita stesheni zote zilizokuwa hewani siku ile, moja moja, na kila moja ikarudia maneno yake kama yalivyotoka. Yule bwana akakubali kushindwa. Ndiyo maana wazee walimheshimu Mzee wetu, na hata sheikh alimwita kushuhudia mambo.

Sikio lake lilikuwa la ajabu, sikatai. Siku moja mtu aliita kutoka mbali akijitambulisha kuwa ndugu wa mchuuzi mmoja wa mifugo, akaamuru wanyama wauzwe upesi. Jina la baba lilikuwa sawa, la babu sawa, la utani sawa. Mzee akasikiliza kidogo, akamkata. "Wewe si yeye. Yeye akianza kusema uongo anakohoa kwanza. Wewe hukohoi." Ikaja kujulikana kwamba kweli alikuwa tapeli. Tangu hapo ikawa kama sheria: Mzee akisema ni yeye, ni yeye, na akisema siye, basi.

Kitu kingine alichokichukia ni kanda. Watu walipeana barua za kaseti wakati ule. Unarekodi salamu upande mzima, unampa dereva wa lori, zinafika baada ya wiki au miezi. Mzee hakutaka kanda ichezwe mbele yake. Alisema mtu anaweza kuwa ameshazikwa na kanda yake bado inasalimia. Kanda, alisema, haiwezi kuulizwa swali. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza niliona ni neno la akili, nikalitumia hata darasani, kwa maana nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na nilipenda maneno ya namna hiyo.

Sasa niseme jambo lenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilichumbiwa na Abdi, mwalimu mwenzangu, mtu wa Habaswein. Sisi asili yetu ni Lamu. Baba aliletwa Garissa na kazi ya ukarani, tukabaki. Wazee wa kina Abdi hawakufurahi kuletewa "msichana wa bwani," kama walivyoniita, lakini Abdi alikaza, na mwishowe wakaweka sharti moja lililoonekana dogo. Baba alikuwa amekufa, kwa hiyo walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, alikuwa kaka yangu Twalib, na Twalib yuko Kanada. Wakasema kadhi anaweza kusimama badala yake, ndiyo, lakini walii yuko hai na ana ulimi. Wanataka wamsikie kwa masikio yao akimpa imamu wa msikiti wetu wakala wa kuniozesha. Wote wasikie, kwa sauti, kama mambo yanavyofanywa kwenye taar. Bila hivyo hakuna ndoa.

Taar haikufika Kanada. Simu ya nje ilipatikana kwa taabu, na anayesikia ni mmoja aliyeshika mkono wa simu. Hapo akatokea Mwangi, fundi wa kompyuta wa shirika moja la misaada, kijana wa Nairobi mwenye mapenzi ya redio. Akatueleza kwamba huko aliko Twalib kuna watu wa redio walioanza kuunganisha redio zao na intaneti. Twalib angesema kwenye redio ya mkononi, kompyuta ya huko ingeipokea sauti na kuituma, kompyuta ya Mwangi ofisini ingeipokea na kuitoa hewani tena, na sisi tungeisikia kwenye redio ya mkononi barazani kwetu.

Shida ilianza na jina. Mwangi aliiita redio. Mama aliiita simu ya kompyuta. Wanafunzi wangu waliposikia wakaiita taar ya Kanada, na jina hilo likashika mtaani. Wazee wa kina Abdi wakasema hawana tatizo na jina lolote mradi Mzee wa Taar awepo na aseme ni nini. Nikaenda naye mimi mwenyewe ofisini kwa Mwangi, kwa heshima zote, nikimwita Adeer, yaani baba mdogo, kama tulivyozoea kuwaita wazee wa Kisomali.

"Sauti inakatwakatwa, mzee," Mwangi akamweleza. "Inageuzwa namba. Namba zinapita kwa intaneti, zikifika hapa kompyuta inazirudisha sauti. Hii kitu ni poa sana."

"Masafa gani?"

"Kutoka hapa mpaka kwa kina mwalimu ni masafa ya kawaida. Huko katikati hakuna masafa, ni waya na setilaiti za watu wa intaneti."

"Katikati hakuna hewa?"

"Hewa iko, lakini hatuitumii kama wewe."

"Basi usiite redio," akasema Mzee wa Taar, akatoka. Nilimfuata nikimbembeleza. Akaniambia atakuja, atasikiliza, atasema atakachosikia.

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Wanaume wakakaa barazani juu ya mikeka, sisi wanawake ndani nyuma ya pazia, tukichungulia. Mama alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa na hina mbichi kwa sababu alikuwa na hakika. Redio ya Mwangi ilikuwa ndogo kiasi cha kuenea mfukoni, imewekwa juu ya mtungi wa maji uliofunikwa ubao. Ikatoa mlio, kisha nikamsikia kaka yangu.

Sijui nieleze vipi. Sikuwa nimemsikia kwa miaka. Sauti ilikuwa yake tupu, hata ile namna yake ya kuvuta salamu mwishoni. Akasema assalaamu alaikum, akataja jina lake, la baba na la babu.

Mzee wa Taar akainamisha sikio lake. Hakuitika salamu. Akauliza, "Nyumba ya mama yako Garissa, mlango inaangalia wabi?"

Kimya. Kimya cha kutosha mtu kumeza mate mara kadhaa. Kisha, "Unaangalia mto."

"Mbona amechelewa?"

"Namba zinachukua muda njiani, mzee," akasema Mwangi.

"Mtu anajua mlango ya mama yake hachelewi." Akauliza lingine, na lingine, na kila mara kimya kilikuja kwanza, jibu baadaye, na kila mara wazee walitazamana. Kisha akalisema lile ambalo sijalisahau: "Elwak ni haba karibu, na sauti yake inafika imechoka, inafuma, inabotea, inarudi. Hii imetoka Kanada haina hata fumbi?"

Hayo ndiyo aliyoyajua. Maisha yake yote alipima umbali kwa mvumo. Sauti ya mbali lazima ije na kelele zake, ipande na kushuka. Sauti iliyofika safi, kwake yeye, ilikuwa imetoka chumba cha pili. Mwangi alijaribu kueleza, maskini, akachanganya Kiswahili na Sheng, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyofanana na mtu anayeficha kitu.

Imamu akasema, "Tumwache atoe wakala." Twalib akaanza: anasema akiwa na akili zake timamu, anampa wakala imamu wa msikiti wetu amwozeshe dada yake. Hapo intaneti ikaguguna maneno. "Amwo," ikasema redio. "Amwo. Amwo." Kisha ikanyamaza kabisa.

Mzee wa Taar akasimama, akajikung'uta kikoi.

"Hii ni kanda," akasema. "Imekwama."

Hakuna aliyebisha. Yule aliyemtambua tapeli kwa kukosa kikohozi amesema ni kanda, nani angebisha? Wazee wa kina Abdi wakatafuta viatu vyao. Redio ilirudi wakiwa tayari wako nje, kaka yangu anauliza, "Mmenisikia? Hodi, mmenisikia?" na alikuwa amebaki Mwangi peke yake wa kumjibu.

Asubuhi yake nilikwenda sokoni nikamwambia mbele ya benchi lake zima kwamba ameniharibia maisha. Nilimwita kiziwi. Kutoka kwa binti wa rika langu hilo lilikuwa tusi kubwa, na nililitaka liwe kubwa. Hakukasirika. Alivua hedifoni upande mmoja akaniambia, "Nimesema nilichosikia," akairudisha. Benchi likacheka. Abdi aliniahidi kwamba atakwenda Habaswein kuwalainisha wazee wake. Barua zake zilikuja ndefu, zikawa fupi, zikakoma.

Miezi ilipita. Wateja wa taar walianza kupungua. Vibanda vya simu vilikuwa vimefunguliwa, na watu wengi kumbe walikuwa na ya kuficha. Nilipita pale mara moja nikaona benchi lina watu wawili, wote wazee, wakizungumza wao kwa wao. Nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu nilifurahi kwelikweli.

Kisha siku moja wakati wa mapumziko ya saa nne mlinzi akaniita langoni. Mzee wa Taar alikuwa amesimama juani nje ya ua wa shule, mikono nyuma. Nilitaka kurudi ndani. Nikatoka.

"Jana nilikwenda kwa Mwangi," akaanza bila salamu. "Nimekaa na ile mashine. Nimeongea na Twalib. Nimemuuliza mambo ya baba yenu. Ni yeye."

"Najua ni yeye, Adeer."

"Ile siku ilikuwa yeye."

"Najua."

Akatazama chini. "Mimi nilijua bia. Kutoka salamu nilijua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie, akarudia, palepale, bila kubadilisha neno. Alimtambua kaka yangu tangu assalaamu alaikum. Alichokosa kukijua ni njia. Sauti ilikuwa ya Twalib, lakini imepitia wapi, imebebwa na nani, imetoka leo au mwaka jana, hakuweza kuapa. "Shahidi anaulizwa fyote fiwili," akasema. "Nani, na ametoka wabi. Moja nilikuwa nayo, moja sina."

"Ungewaambia hivyo! Ungesema sauti ni yake, njia huijui. Ulisema ni kanda!"

"Nilisema kanda," akakubali. "Nilikuwa na hasira na ile kitu." Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea polepole. "Ita wazee wa Abdi. Waje, Garissa yote ije. Nitasimama nitasema nilikosea."

Najua hilo lilimgharimu nini. Mtu yule hakuwahi kukosea mbele ya watu, na alikuwa amekuja kwa miguu juani kuniambia yuko tayari. Hasira yangu haikupungua hata tone.

"Abdi ameoa," nikamwambia.

"Lini?"

"Ijumaa iliyopita. Habaswein."

"Mimi sikusikia."

"Hukusikia."

Aliuliza ni binti wa nani, kwa sababu huko hakuna asiyemjua, nikamtajia. Akafikiri kidogo, nikaona anakumbuka. "Baba yake yuko Amerika," akasema. "Nani alimuozesha?"

"Baba yake mwenyewe. Alitoa wakala kwa mashine ya Mwangi. Wazee walewale waliokuja kwetu walikaa ofisini wakamsikiliza." Mwangi alikuwa ameniambia mwenyewe Jumamosi yake, macho chini, kama kwamba kosa lilikuwa lake.

"Haikukatika?"

"Ilikatika. Wakangoja mpaka ikarudi."

Mzee wa Taar alijigusa sikio la kulia. Nilikuwa nimesubiri miezi kumwona akishindwa, na sasa nilikuwa nimemwona, na bado nilitaka kumpiga. Wazee hawakuwa na haja ya sikio lake. Walitaka mtu wa kukataa kwa niaba yao, naye akawafanyia hilo, bure, kwa heshima yake yote.

"Waliniuliza?" akasema. "Walisema waulize kwanza Mzee wa Taar?"

"Hawakukutaja, Adeer."

Kengele ililia. Nikarudi darasani, nikamwacha langoni.